Barua ya Wazi kwa Bunge la Kenya: Ripoti ya Usalama Ipimwe kwa Maisha ya Raia

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Kitaifa na Maseneta wa Jamhuri ya Kenya,
Majengo ya Bunge,
Nairobi.

KUH: RIPOTI YA KILA MWAKA KUHUSU HALI YA USALAMA WA NCHI

Waheshimiwa,

Kifungu cha 240(7) cha Katiba kinaliamuru Baraza la Kitaifa la Usalama kutoa ripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama wa Kenya. Ripoti hiyo huletwa. Rais huiwasilisha kwenu anapolihutubia taifa, makofi hupigwa, na kesho yake mazungumzo huwa ni siasa za hotuba: nani alikaa wapi, nani alimsalimu nani, nani hakualikwa. Nawaandikia kuwaomba muisome ripoti hiyo kama watu wanaodai hesabu. Kila mkakati unaotajwa ndani yake, ulizeni umezaa nini, umegharimu kiasi gani, na ni nani atakayejibu pale uliposhindwa.

Ombi langu halina uadui kwa askari. Polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, Novemba 2012, walipotumwa kuwafuata wezi wa mifugo. Wanajeshi wetu wamezikwa tangu walipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi. Watu hao walitii amri. Anayepaswa kuulizwa ni aliyeiandaa amri, aliyeipitisha, na aliyepewa na Katiba kazi ya kuisimamia. Huyo wa mwisho ni ninyi. Kifungu cha 238(2)(a) kinasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Hakikusema uko chini ya mamlaka ya mkutano wa faragha wa watu tisa wanaokaa katika Baraza hilo, hata wawe waaminifu kiasi gani.

Kifungu hichohicho cha 238 kinaeleza usalama wa taifa kwa upana. Kinataja mipaka na uhuru wa nchi, halafu kinataja watu, haki zao, uhuru wao, mali zao, amani, uthabiti na ustawi wao. Hiki ndicho kipimo mlichopewa. Ripoti inayohesabu bunduki zilizonaswa, magari yaliyonunuliwa na washukiwa waliokamatwa inaeleza kazi iliyofanywa, na kazi hiyo ina thamani yake. Lakini mwenye duka aliyeajiri mlinzi wa usiku haulizi asubuhi mlinzi alizunguka jengo mara ngapi. Anaangalia kufuli, anahesabu bidhaa, kisha anatazama kama wateja bado wanathubutu kuingia.

Tuanze na mambo ambayo sote tunayakumbuka.

Septemba 21, 2013, magaidi waliingia jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Watu 67 waliuawa, na mkasa ukaendelea kwa siku nne. Nchi nzima iliona vikosi vikikosa uongozi mmoja. Rais wa wakati huo aliahidi kuunda tume ya uchunguzi. Tume haikuundwa. Kamati zenu za pamoja zilichunguza na kuandika ripoti, na Machi 2014 Bunge la Kitaifa likaitupilia mbali. Sisemi ripoti ile ilikuwa nzuri. Wapo miongoni mwenu waliosema ilikuwa dhaifu, na huenda walikuwa na haki. Lakini mkiitupa ripoti dhaifu mnapaswa kuagiza iliyo bora. Hamkuagiza. Mashambulizi makubwa kuliko yote ambayo mji mkuu ulikuwa umeyaona tangu bomu la Agosti 1998 yakabaki bila maelezo rasmi ya umma kuhusu kilichoharibika na aliyewajibika.

Mwaka mmoja na miezi sita baadaye, Aprili 2, 2015, alfajiri, ikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi. Kambi ya jeshi ipo mjini humohumo. Kikosi maalumu cha Recce, kilichofunzwa kwa kazi ya namna hiyo, kilikuwa Nairobi, na jua lilikuwa linaelekea kuzama kilipoingia bwenini kumaliza shambulio lililoanza kabla halijachomoza. Kati ya risasi ya kwanza na hatua ya mwisho ilipita karibu siku nzima ya mchana. Katika muda huo wanafunzi walikuwa chini ya vitanda na ndani ya makabati, simu mikononi, wakiwanong'oneza wazazi wao. Kama Westgate ingechunguzwa kikamilifu, swali la nani anatoa amri ya kwanza na kikosi kinasafirishwa kwa njia gani lingekuwa limejibiwa kwa maandishi kabla ya Garissa.

Halafu tazameni Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa, na kila mmoja wao ni msiba. Lakini safari hii vikosi vilifika mapema, viliingia jengo kwa jengo, watu zaidi ya 700 wakatolewa salama, na kufikia asubuhi iliyofuata mambo yalikuwa yamekwisha. Tofauti na Garissa ilionekana na kila mtu. Maana yake vyombo vyetu vinaweza kujifunza. Mkakati ukibadilishwa, maisha huokolewa.

Sasa ulizeni: ni kitu gani hasa kilibadilika kati ya 2015 na 2019? Je, ni mafunzo, mfumo wa amri, mawasiliano, au ni bahati ya kwamba hoteli hiyo ipo Nairobi karibu na vikosi vyenyewe? Shambulio kama lile likitokea leo Mandera, Wajir, Lamu au Kapenguria, msaada utafika baada ya saa ngapi? Huu ni mfano wa kipimo kinachoweza kuandikwa katika ripoti ya kila mwaka bila kufichua siri yoyote. Muda wa kuitikia unahesabika. Unaweza kupungua au kuongezeka mwaka hadi mwaka, na waziri anaweza kuulizwa kwa nini.

Ukweli wa kusikitisha ni kwamba katika mashambulizi haya, mahakama zimewaeleza Wakenya mengi kuliko Bunge lao. Mashahidi walisimama kizimbani, ushahidi ukatolewa, wahusika wa Westgate wakafungwa 2020 na wa Garissa 2019. Ilikuwa Mahakama Kuu iliyofuta vifungu vinane vya Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama Februari 2015, sheria mliyoipitisha Desemba 2014 katika kikao cha vurugu na kumwagiana maji. Ilikuwa Mahakama Kuu tena, Januari 26, 2024, iliyosema Baraza la Usalama halina uwezo kikatiba wa kuwatuma polisi Haiti kwa namna serikali ilivyotaka kufanya. Jaji anafanya kazi yake, na anaifanya baada ya jambo kuletwa mbele yake na mwananchi aliyelipa wakili. Ninyi mnalipwa kufanya kazi hiyo mapema zaidi.

Niruhusuni niwalete kwetu Lamu, kwa sababu hapa ndipo mkakati unapoonekana ulivyo unapofika chini.

Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilivamiwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Kafyu ikafuata. Septemba 2015 serikali ikazindua Operesheni Linda Boni kuwafurusha Al-Shabaab katika msitu wa Boni, na baadaye operesheni hiyo ikabadilishwa jina ikawa Amani Boni. Jina lilipobadilika, swali lilipaswa kuulizwa humo ukumbini: lengo la kwanza limetimia, au limeshindikana, au limebadilika?

Upo upande wa heri, na haki inataka usemwe. Mauaji ya kiwango cha Mpeketoni hayajarudi. Kambi zilivunjwa, njia za magaidi zikabanwa, na askari wanaolala msituni miaka yote hii wana sehemu yao katika hilo. Lakini Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, na siku chache baadaye kambi ya Manda Bay ikavamiwa na Wamarekani watatu wakauawa. Januari 2022 vijiji vya Lamu Magharibi vikashambuliwa, nyumba zikachomwa, wakulima wakakimbilia shuleni kulala kwenye sakafu. Juni 2023 ikawa zamu ya Juhudi na Salama. Je, haya ni mabaki ya tatizo linalokwisha, au ni tatizo lilelile limebadilisha mbinu? Jibu la swali hilo ndilo tathmini. Bila tathmini, operesheni inaweza kuendelea miaka na miaka kwa sababu tu hakuna aliyeandika mahali pa kuishia.

Nendeni Basuba, Mangai, Milimani, Mararani na Kiangwe. Ni vijiji vya Waaweer, watu ambao tangu enzi za mababu wameishi kwa asali, matunda ya mwituni na mashamba madogo ukingoni mwa msitu. Msitu ulipogeuka uwanja wa vita walikatazwa kuuingia, na mizinga yao ya nyuki ikabaki juu ya miti bila mwenyewe. Shule za msingi zilifungwa, walimu wakaondoka. Zilipofunguliwa, zilifunguliwa kwa madarasa ya chini, na watoto wa madarasa ya juu wakalazimika kwenda bweni Mokowe, mbali na mama zao. Mtoto aliyekuwa wa kuanza darasa la kwanza wakati operesheni inazinduliwa sasa ni kijana anayekaribia umri wa kutafuta kazi. Katika kitabu cha mafanikio ya usalama, kijana huyo anahesabiwa wapi?

Tazameni pia bahari. Mvuvi wa Kizingitini hafuati saa ya ofisi, anafuata maji. Usiku wa giza ndio wa kutega jarife, na kamba huchimbuka miambani jua likishazama. Kuvua usiku kulipopigwa marufuku kwa sababu za usalama, marufuku iliyodumu kwa miaka kadhaa, mvuvi alikaa barazani akayatazama maji yakijaa na kupwa, na asubuhi akaingia baharini wakati samaki wamekwisha kujificha. Wengine waliuza nyavu. Wengine walikopa kwa tajiri wa samaki na bado wanalipa. Sijawahi kumwona mtu aliyekuja Lamu na daftari kuwauliza wavuvi: marufuku hii imewakosesha nini? Gharama hiyo haimo katika bajeti yoyote, lakini ni gharama ya mkakati wa taifa, na waliolipa ni watu maskini.

Na barabara. Kwa miaka mingi msafiri anayetoka Mombasa akifika Gamba basi husimama, abiria wakashuka na mizigo yao. Wanaume foleni yao, wanawake foleni yao, kitambulisho mkononi. Kijana ambaye ombi lake la kitambulisho limekaa ofisini tangu mwaka jana huwekwa kando na kuanza kuulizwa kabila lake na mahali alipozaliwa babu yake. Halafu mabasi husubiri magari ya polisi ya kuyasindikiza hadi Mokowe. Mwenye mgonjwa husubiri. Mwenye ndoo za samaki kwenye barafu husubiri, naye barafu anaiona inayeyuka. Hatukatai kukaguliwa, tunataka kufika salama. Tunachotaka ni kwamba kila mwaka pawe na mtu anayeeleza Bunge: mwaka uliopita msindikizo ulihitajika kwa sababu hizi, mwaka huu hatari imepungua au imezidi kwa kiasi hiki, na siku ambayo barabara itaachwa wazi tunaitarajia baada ya hatua hizi na hizi.

Mambo haya si ya Lamu peke yake. Februari 2023 serikali ilitangaza maeneo ya kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa kuwa hatari, ikatuma jeshi, KDF, kusaidia polisi dhidi ya majangili katika Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Bunge la Kitaifa likaidhinisha. Kabla ya hapo, mwaka 2019, askari wa akiba katika maeneo hayo walikuwa wamepokonywa bunduki kwa madai kwamba wanazitumia vibaya. Miaka michache baadaye wakasajiliwa upya na kupewa silaha tena. Huenda uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi, huenda wa pili. Haiwezekani yote mawili yawe sahihi bila kitu kubadilika katikati. Familia zilizovamiwa katika kipindi ambacho hapakuwa na mtu wa kuzilinda zinastahili kuambiwa nani alipima, alipima kwa nini, na alikosea wapi.

Kuhusu fedha, nitataja mifano miwili. Ukuta wa mpaka wa Kenya na Somalia ulianza kujengwa baada ya Garissa. Machi 2019 wabunge wenyewe walishtuka kwamba shilingi bilioni 3.4 zilikuwa zimetumika kwa takriban kilomita 10 za seng'enge na mtaro, katika mpaka wenye urefu unaokaribia kilomita 700. Mkaazimia kazi isimamishwe. Hiyo ilikuwa siku njema ya usimamizi, na inaonyesha kwamba mnaweza mkitaka. Mfano wa pili ni mfumo wa kamera 1,800 na mawasiliano ya polisi katika Nairobi na Mombasa, mkataba wa 2014 wa shilingi bilioni 14.9. Kesi ngapi zimefikishwa mahakamani kwa ushahidi wa kamera hizo, na ngapi zimeishia kwa hukumu? Kila mwaka mnaidhinisha mamia ya mabilioni ya shilingi kwa ulinzi, ujasusi na polisi. Hospitali ya kaunti ikinunua kitanda bila stakabadhi, mkurugenzi huitwa mbele ya kamati. Kwa nini swali hilohilo likiulizwa kuhusu usalama lijibiwe kwa neno moja, siri?

Siri ipo, na ni lazima iwepo. Majina ya wapelelezi, mipango ya operesheni inayoendelea, njia ya kumfikia mtoa habari ndani ya kundi la magaidi: hayo yakianikwa watu watakufa, na hakuna mwananchi mwenye akili anayeyataka gazetini. Lakini tangu lini idadi ya wanajeshi wetu waliokufa ikawa siri ya kumzuia adui? Januari 15, 2016, kambi yetu ya El Adde nchini Somalia ilivamiwa. Adui alikuwepo, alihesabu, akapiga picha na kuzisambaza. Hadi leo serikali haijatangaza rasmi idadi ya wanajeshi waliouawa. Aliyefichwa ni mzazi wa Kenya. Wajane walijua msiba wao mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake, na taifa halikupata siku ya kusimama pamoja nao. Mficha maradhi kifo humuumbua: kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa Januari 2017, mwaka mmoja tu baadaye, na maswali yakawa yaleyale.

Wapo watakaosema nchi nyingine nazo hazianiki udhaifu wao. Norwe ilishambuliwa Julai 22, 2011, watu 77 wakauawa Oslo na katika kisiwa cha Utøya. Mwezi uliofuata iliundwa tume huru chini ya wakili Alexandra Bech Gjørv. Agosti 2012 tume ikachapisha ripoti iliyosema bila kumung'unya maneno kwamba polisi wangeweza kumkamata muuaji mapema na kwamba hatua za ulinzi zilizokwisha kuamuliwa hazikutekelezwa. Mkuu wa polisi wa nchi akajiuzulu siku chache baadaye. Norwe haikuanguka kwa kusema ukweli wake.

Waheshimiwa, kuna jambo jingine ambalo ripoti ya usalama haiwezi kuliruka. Juni 25, 2024, vijana waliuawa kwa risasi nje ya majengo yenu. Siku hiyohiyo jeshi likaitwa barabarani, na kesho yake Bunge la Kitaifa likaidhinisha. Mahakama Kuu ndiyo iliyolazimika kuiagiza serikali ieleze mipaka na muda wa jeshi hilo kukaa mitaani, maelezo ambayo yalipaswa kuwa sharti lenu kabla ya kupiga kura. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliripoti watu 60 kuuawa katika maandamano ya mwaka huo. Kufikia Desemba ilikuwa imerekodi watu 82 waliotekwa tangu Juni, 29 kati yao wakiwa bado hawajulikani walipo. Pwani tunalijua jambo hili kwa muda mrefu zaidi. Vijana wa Kiislamu walianza kutoweka Mombasa, Kwale na Lamu miaka mingi kabla, na mama zao walipolia waliambiwa ni vita dhidi ya ugaidi. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali, wengi wao kutoka Eastleigh, walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani kwa operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Mkakati ukimfanya raia amwogope polisi kuliko mhalifu, raia huyo hatapeleka habari kituoni. Bila habari kutoka kwa raia hakuna ujasusi. Kilio cha haki na hoja ya ufanisi vinakutana hapo.

Kumbukeni Shakahola pia. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi tangu Aprili 2023. Waliokufa hawakuuawa na jeshi la kigeni, na wapo wananchi waliokuwa wamepiga ripoti mapema. Mfumo uliojiandaa kumtafuta adui wa aina moja haukuwasikia waumini wanaokufa njaa msituni. Kamati ya Seneti ilivilaumu vyombo vya usalama. Mapendekezo yake yametekelezwa mangapi?

Kwa hiyo nawaomba mambo matano, na yote yamo ndani ya uwezo mlionao leo.

Kwanza, wekeni muundo mmoja wa ripoti ya Kifungu cha 240(7), usiobadilika kila mwaka, ili mwaka mmoja uweze kulinganishwa na mwingine. Humo ziwemo takwimu za matokeo kwa kila kaunti: muda wa vikosi kuitikia shambulio, raia na askari waliouawa, shule zilizofungwa kwa sababu ya usalama na zilizofunguliwa, barabara zinazohitaji msindikizo, watu waliohama makwao na waliorudi, kesi zilizokamilika mahakamani, na watu walioripotiwa kutoweka. Ripoti isiyo na hayo irudishwe kwa Baraza.

Pili, msiidhinishe tena operesheni ya jeshi ndani ya nchi bila lengo lililoandikwa, tarehe ya kumalizika, makadirio ya gharama na namna ya kupima mafanikio. Muda ukiisha, anayetaka nyongeza aje tena mbele yenu na matokeo mkononi.

Tatu, pitisheni sheria itakayofanya uchunguzi huru kuwa wa lazima kila watu wengi wanapouawa katika shambulio au katika operesheni ya vyombo vya usalama, na ripoti yake ichapishwe, sehemu za siri zikiwekwa kando kwa sababu zinazoelezwa. Anzeni na madeni ya zamani: Westgate, Garissa na El Adde.

Nne, mpeni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nafasi ya kukagua kila shilingi ya usalama. Zile za siri zikaguliwe mbele ya wanakamati wachache walioapishwa kutunza siri, na taarifa ya jumla iletwe ukumbini. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni, na ile ya Utawala na Usalama wa Ndani, zina mamlaka ya kumwita shahidi kama Mahakama Kuu. Mamlaka hayo yatumike pia baada ya kamera kuondoka.

Tano, sikilizeni watu kabla ya kuipigia kura ripoti. Kamati zenu zije Kiunga, Mandera, Kapedo na Eastleigh, zikae barazani na chini ya miti, zimsikilize mvuvi, mfugaji, mwalimu, mwenye duka na askari wa cheo cha chini ambaye anajua buti zake zilipasuka lini. Linganisheni maneno yao na yaliyoandikwa Nairobi. Yakitofautiana, mwiteni waziri.

Haya yatawagharimu kisiasa. Waziri atakasirika, kiranja wa chama atawapigia simu, na wapo watakaosema mnawasaidia magaidi kwa kuuliza. Semeni waziwazi kwamba gaidi hunufaika pale taifa linaporudia kosa lilelile, na kwamba kosa lisilochunguzwa ndilo hurudiwa.

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mambo matano niliyoyataja tutayaandika katika ombi rasmi na kulipeleka mikononi mwa makarani wenu, likiwa na sahihi za watu wa Lamu na za wenzetu wa kaunti zinazoishi chini ya operesheni. Tutakuwa katika ukumbi wa wananchi siku ripoti ijayo itakapojadiliwa, na tutaandika jina la kila mbunge atakayesimama kuuliza na la kila atakayekaa kimya. Majina hayo tutayasoma misikitini, makanisani, sokoni na kwenye mabaraza kabla ya uchaguzi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi,
Kaunti ya Lamu